Bodensee: ofisi ya zamani yasema nimehama, ofisi mpya yasema sijafika

Kutoka: Rehema

Jamani habarini za mchana, wazee shikamooni. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua.

Nimehamia mji mdogo kando ya ziwa la Bodensee, upande huu wa Ujerumani. Jina la mji naliacha, maana watu ninaowalalamikia ndio nitakaoishi nao. Kazi nimeshaanza (uuguzi, nyumba ya wazee), mkataba ni wa kudumu, Anerkennung (cheti changu kutambuliwa huku) ninayo. Mahali penyewe pazuri, sisemi uongo. Siku ikitakata unaiona milima ya Uswisi ng'ambo ya maji na theluji yake juu. Lakini kibali changu kinakwisha mwezi ujao.

ABH (ofisi ya wageni) ya nilikotoka, kaskazini, wanasema: umehama, sisi hatuhusiki tena, faili tutalituma wenzetu wakiliomba. ABH ya huku wanasema: hatuombi faili la mtu asiye na Meldebescheinigung (cheti cha kuandikishwa makazi). Bürgeramt (ofisi ya wakazi): hatukuandikishi bila WGB, ile karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Mwenye nyumba: hatoi WGB, kwa sababu nyumba ni Ferienwohnung (ya watalii) na mkataba wangu ni wa Oktoba hadi Machi tu. Aliniambia haya kwa upole kabisa, ananimiminia chai, "wewe kaa tu, karatasi ya nini?"

Swali langu ni moja. Ombi la kuongeza kibali nililituma ABH ya zamani kwa barua pepe kabla sijahama. Je, Fiktion (kibali kuhesabiwa kinaendelea wakati ombi linasubiri) inahesabika kuanzia hapo, au ni mpaka niombe upya huku? Mwajiri anataka kuona kitu.

---

Kutoka: Mama Neema, Stuttgart

Rehema mwanangu, pole na hongera ya kazi. ABH waache kwanza, anza na huyo mwenye chai.

BMG (sheria ya uandikishaji wa wakazi) §19: mwenye nyumba analazimika kukupa WGB. Wewe una wiki mbili tangu kuhamia kufanya Anmeldung (kujiandikisha). Akikataa, unawaandikia Bürgeramt mara moja kwamba amekataa, na kuanzia hapo mzigo ni wao na yeye. Hilo neno Ferienwohnung lisikutishe. Unalala hapo, unafua hapo, ndiyo kwako.

Huo mtindo wa Oktoba hadi Machi upo kando ya ziwa kote. Mtalii analipa kwa usiku, wewe unalipa kwa mwezi, kwa hiyo wewe ni wa kuipasha moto nyumba majira ya baridi mpaka wenyewe waje. Binti mmoja niliyefanya naye kazi alitoka zamu ya usiku mwezi Machi akakuta vyombo vyake vimepangwa vizuri ngazini, sufuria la ugali juu na mwiko ndani yake. Hata kufokewa hakufokewa.

---

Kutoka: Odhiambo, Ulm

> BMG §19: mwenye nyumba analazimika kukupa WGB

Mama, sheria ni hiyo, sikatai. Lakini kwa mji wa watu elfu chache, ukishamripoti mwenye nyumba mmoja, ya pili utaipata kwa nani? Hao watu wanaimba kwaya pamoja, wanazima moto pamoja, Fasnet, kanivali ya huko, wanavaa vinyago pamoja. Rehema, jiunge na kitu kwanza. Chochote. Nyumba nzuri za huko hazifiki kwa matangazo, zinaishia mdomoni.

Halafu jipange na gari. Basi ya mwisho inaondoka mapema na zamu ya usiku haikungoji. Mimi yaliyonikuta ni haya ya leseni: leseni ya nyumbani ni miezi 6 tu tangu uwe mkazi, na Kenya haiko kwa Anlage 11, orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa, Tanzania pia. Namibia na Afrika Kusini wako, wanabadilisha bila mtihani. Sisi ni nadharia na barabara upya. Nimeendesha matatu Kisumu hadi Busia, halafu kijana ananifundisha kugeuza shingo kabla ya kuhama leni!

Na usifikirie ukiwa na ziwa utavua. Fischereischein (kibali cha kuvua) inataka kozi ya masaa 30 na mtihani. Mjaluo kufanyiwa mtihani wa samaki, hiyo siwezi kuambia mzee wangu.

---

Kutoka: Bakari, Hamburg

Odhiambo, dada kauliza kibali, wewe unamjibu samaki.

Rehema, soma §81 Abs. 4 (fungu la 4) ya AufenthG, sheria ya ukaaji wa wageni. Ukiomba kabla kibali hakijaisha, kinahesabiwa bado kinaendelea mpaka waamue. Hiyo inatokea kisheria yenyewe, ile karatasi ya Fiktion wanayokupa ni ushahidi tu. Lakini usichanganye Abs. 3 na Abs. 4. Ya Abs. 4 unaweza kutoka nchini ukarudi. Ya Abs. 3 ukitoka umetoka. Tazama kwenye karatasi hiyo ni kisanduku gani wamekitia alama, kuna watu wamekwama uwanja wa ndege kwa kutotazama kisanduku.

---

Kutoka: Zuhura, Konstanz

Bakari, hapo ulipo Hamburg mpaka unaupanda ndege kuufuata. Sisi huku mpaka ni mtaa. Nikitoka kwangu kwa miguu nafika Kreuzlingen, Uswisi, kabla simu haijakatika. Na Ujerumani inakagua mpaka wa Uswisi tangu Oktoba 2023, na tangu Septemba 2024 inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu. Kwa hiyo Rehema, huo ubishi wa Abs. 3 na 4 waachie wenyewe: usivuke kabla hujawa na karatasi mkononi. Wala feri ya Romanshorn usipande kwa ajili ya matembezi, ile inakwenda Uswisi. Panda ya Konstanz na Meersburg, pande zote mbili ni Ujerumani, na inatembea usiku kucha.

Nyumba tafuta mbali kidogo na maji. Vijiji vya mlimani kwenye matofaa na mizabibu, hapo watu wanapangisha mwaka mzima. Ufukweni ni pa watalii na wastaafu wenye fedha zao.

Na hiyo milima unayoisifia, subiri Novemba. Ukungu unalala juu ya ziwa wiki na wiki, hata jirani humwoni. Wenyeji wanapanda gari kwenda juu kutafuta jua kama watu wanaofuata mbolea ya ruzuku. Huo ndio wakati wa kukaa na wazee wako kazini. Waulize mwaka 1963. Ziwa lote liliganda, watu wakavuka kwa miguu mpaka Uswisi. Wa Hagnau walibeba sanamu ya Mtakatifu Yohana juu ya barafu kuipeleka Münsterlingen ng'ambo, na mpaka leo iko huko inangoja ziwa ligande tena irudi. Nina bibi mmoja hakumbuki jina la mwanawe, lakini barafu ile anaikumbuka jinsi ilivyokuwa ikilia usiku.

---

Kutoka: Mzee Kiango, Bremen

Vijana, mnaishi kwenye historia mnaongea makaratasi. Rehema, ukipata siku ya mapumziko nenda Friedrichshafen, jumba la makumbusho la Zeppelin lipo kwenye kituo cha zamani cha reli bandarini. Zeppelin ya kwanza iliruka juu ya ziwa hilo Julai 1900. Na ndiyo ile waliyoituma kwetu kumpelekea risasi Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza. Meli yetu ya Liemba nayo ilitengenezwa huko huko Bodensee. Watu wa Kigoma wanapaswa kujua hayo.

---

Kutoka: Bakari, Hamburg

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, Liemba haikutengenezwa Bodensee. Ilitengenezwa Papenburg, kaskazini kabisa, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye makasha mpaka Kigoma. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924. Na zeppelin ya Lettow-Vorbeck ni L 59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 1917. Haikufika. Iligeuzwa karibu na Khartoum, ikakaa angani takriban siku nne bila kutua.

---

Kutoka: Mzee Kiango, Bremen

Marahaba. Nilisema zeppelin ni za Bodensee, na ni za Bodensee. Hayo mengine ni ya watu wa kompyuta.

---

Kutoka: Rehema

Asanteni nyote. Mzee marahaba zako nimezipokea, nitakwenda.

Taarifa: nilifanya kama alivyosema Mama Neema, niliandika barua Bürgeramt. Wakampigia simu mwenye nyumba nikiwa nimekaa pale pale. Jioni WGB ilikuwa mlangoni kwangu ndani ya bahasha, imesainiwa, bila salamu. Anmeldung nimefanya. Chai imekwisha. ABH ya huku sasa wamekubali kuliomba faili, ila wanasema likija ndipo watajua kama nina ombi au sina.

Kwa hiyo swali langu bado lipo, ombi la kwa ABH ya zamani linahesabika?

Nyumbani kwetu ni Bukoba, na hilo ndilo lililonileta ziwani, nilidhani nitajisikia nyumbani. Jana nilikaa kwenye gati, taa za dhoruba zikaanza kumulika ng'ambo zote, rangi ya chungwa. Mwenzangu wa kazini akanifundisha: zikimulika mara 40 kwa dakika ni tahadhari, mara 90 toka majini sasa hivi. Mashua zote zikarudi. Nikawakumbuka watu wa kwetu wanaoangalia mawingu tu.

---

Kutoka: Koku, Basel

Rehema ndugu yangu wa Bukoba, usililinganishe hilo bwawa. Bodensee yote ni kilomita za mraba 536. Kisiwa cha Ukerewe peke yake ni karibu hivyo hivyo. Ukiitaka Bodensee, itie ndani ya Nyanza, Ziwa Victoria letu, utaitafuta.

Na samaki hana. Felchen, samaki maarufu wa hapo, wamepigwa marufuku kuvuliwa kuanzia 2024 kwa miaka mitatu, wamepungua mno. Ukila felchen hotelini kando ya ziwa wakati huu, muulize mhudumu kavuliwa wapi umwone anavyotazama juu. Nimeota senene wiki nzima. Kama kuna anayetoka Bukoba Novemba hii, aje na kopo, nauli ya kopo nalipa.

---

Kutoka: Odhiambo, Ulm

Senene hapana, lakini omena (dagaa) niko.

Rehema, hizi shida za kibali zitaisha ukichukua pasi ya Ujerumani. Tangu 27 Juni 2024 ni miaka mitano, na huachi uraia wako. Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilishatumalizia hiyo maneno. Kuzaliwa Mkenya hakufutiki. Nyinyi majirani mnangoja nini? Na sasa na ule mkataba wa kazi wa Kenya na Ujerumani, wa Ruto na Scholz, nafasi 250,000 za kazi zinakuja, mtatukuta tumejaa.

---

Kutoka: Mama Neema, Stuttgart

Odhiambo, mkataba ule wa Septemba 2024 hauna idadi yoyote, na serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha hiyo 250,000 siku zile zile. Usiwatie watu tamaa, wapo nyumbani wanauza mashamba kwa sababu ya meseji kama hizi.

Na uraia usitucheke. Nimekaa nchi hii nimezeeka. Naweza kuipata ile pasi nyekundu kesho, lakini nikiipata, nyumbani nakuwa mgeni. Shamba la mama yangu, kaburi la mama yangu, nikaingie kwa viza? Wenzetu mnasema "uraia pacha" kama mnaagiza maandazi. Wabunge wetu kila wakisimama ni usalama wa taifa. Mimi muuguzi wa miguu inayouma ndiyo hatari ya taifa?

---

Kutoka: Bakari, Hamburg

Mama, kuna hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania.

---

Kutoka: Mama Neema, Stuttgart

Hadhi maalum kaiweke kwenye fremu.

---

Kutoka: Zuhura, Konstanz

Tuache siasa. Rehema, Jumapili ukija Konstanz nitakutembeza. Kuna jengo la Konzil (yaani mtaguso, mkutano mkuu wa Kanisa) bandarini, lilijengwa 1388 kuwa ghala, na humo mwaka 1417 makardinali pamoja na wajumbe wa mataifa walimchagua papa. Mtaguso wenyewe ulianza 1414 ukaenda mpaka 1418, na mhubiri Jan Hus alichomwa moto nje ya mji 1415, aliyekuja akiwa na barua ya kuhakikishiwa usalama. Mbele yake bandarini kuna Imperia, sanamu ya mwanamke ya mita 9 inayojizungusha polepole, dakika 4 mzunguko mmoja, kashika vijibaba viwili uchi, kimoja na taji la mfalme, kingine la papa. Mchungaji wetu hapiti upande ule.

---

Kutoka: Odhiambo, Ulm

Huyo Hus alikuwa na barua ya mfalme na bado alichomwa. Na ninyi mnaamini kisanduku cha Abs. 4.

---

Kutoka: Msimamizi

Ndugu wanachama, mada za uraia zina uzi wake, zihamishieni huko. Anayeuza vyakula aandike kwenye uzi wa biashara. Bakari, maneno uliyomwandikia Mama Neema pembeni ameyaleta kwangu, tafadhali.

---

Kutoka: Juma, Leipzig

Samahani nimechelewa kusoma. Hiyo nyumba ya kando ya ziwa, Rehema akihama itakuwa wazi? Hata kama ni Oktoba hadi Machi mimi nachukua. Ina mashine ya kufulia?