Je, ni sawa kutangaza kanisani majina ya waliotoa fedha nyingi?

Mzee wa Kanisa, Tororo:
Bwana asifiwe, ndugu zangu. Tunachangisha fedha za kuezeka jengo letu jipya, na imekuwa desturi kwamba siku ya changizo wageni wenye uwezo huketishwa mbele kwenye viti vyenye mito, majina yao na kiasi walichotoa husomwa kwa kipaza sauti, kisha kila mmoja hupigiwa makofi kwa kadiri ya noti zake, ilhali wajane walioleta kuku, mayai au mkungu wa ndizi husubiri mnada wa mwisho, jua likiwa limekwisha kuwachosha. Wafilipi 2:3 inatuagiza kila mtu amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake, lakini mchungaji wetu anasema majina yasipotajwa, mabati hayatapatikana. Kamati inakutana juma lijalo. Je, niipinge desturi hii, au kuipinga kwangu kutakuwa kiburi cha namna nyingine?

Msomaji wa Mbale:
Mzee wetu, Yakobo 2:2-4 inaeleza karibu hali hiyo hiyo: mwenye pete ya dhahabu anaonyeshwa mahali pazuri, na maskini anaambiwa asimame au aketi chini. Yakobo hapo hamlaumu tajiri kwa pete yake, bali anawalaumu waliowapangia watu viti. Kwa hiyo lawama inaiangukia kamati kabla ya kumfikia mgeni, ambaye pengine hakukiomba kiti hicho na angefurahi kuketi na watu wa kijijini kwao. Tena, katika Luka 14 sisi hupenda kuishia kwenye mfano wa viti vya mbele, tukasahau kwamba mara baada yake Bwana anamgeukia mwenye karamu na kumwambia awaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, ambao hawana cha kumlipa. Maneno hayo yanamhusu mwandaaji, yaani ninyi.

Mwalimu Mstaafu:
Kwa heshima, naomba kutofautiana kidogo na ndugu wa Mbale. Matendo 4:36-37 inamtaja Barnaba kwa jina, pamoja na shamba aliloliuza, na hakuna anayemhesabu kuwa mwenye majivuno, ingawa ni kweli kwamba sura inayofuata inaanza na Anania na Safira, waliotaka sifa kama hiyo kwa bei nafuu. Katika Marko 12, Yesu aliwaita wanafunzi wake makusudi ili aizungumzie sadaka ya mjane, na hao matajiri waliotia vingi wakapita bila kusifiwa. Basi kutaja si dhambi. Shida ni kutaja upande mmoja tu. Lipo pia jambo ambalo watu wapole hawapendi kulisema: kamati isiyosoma hesabu inaweza kuficha mengi chini ya joho la unyenyekevu. Someni jumla yote, fedha taslimu na thamani ya mazao pamoja, na kila mtoaji apewe risiti.

Mama wa Busia:
Nimesoma majibu ya akina baba, nikaona hakuna aliyewakumbuka wanaopika. Siku za changizo sisi hubaki nyuma ya kanisa na sufuria za posho na maharagwe, mahubiri tunayasikia nusu nusu, na wageni wakishakula kwanza, sisi hukwangua ukoko. Apolo Kivebulaya, yule mwinjilisti wa Uganda, alikwenda Boga, ng'ambo ya mto Semliki katika Kongo ya leo, mwaka 1896, akapigwa na kufungwa huko, na bado akarudi kuwatumikia watu wale wale hadi kifo chake mwaka 1933. Basi wazee wetu watashindwa kweli kubeba sahani kwa mchana mmoja? Vijana wapakue, na wageni wangoje pamoja nasi.

Mzee wa Kanisa, Tororo:
Asanteni sana. Nitapendekeza mnada wa mazao utangulie, na hesabu yote ibandikwe mlangoni siku hiyo hiyo. Mchungaji nitamwona kwanza faraghani, kwa kuwa kumpinga mbele ya kamati kungemvunjia heshima. Suala la sahani nitalisema mwenyewe, na nitaanza kwa kujiandikisha mimi. Viti vyenye mito ndivyo vitakavyonipa kazi, maana vililetwa na katibu wetu kutoka nyumbani kwake, naye huviangalia kwa wivu.