MGB yenye presha ndogo ya oili: pampu mpya, beringi, au oili nzito zaidi?

Bonde_Kuu:
Habari zenu wakuu. Nina MGB (gari la michezo la zamani la Kiingereza) ambayo mshale wa geji ya oili umeanza kukaa chini kuliko nilivyozoea, hasa gari likishatembea kwa muda. Injini haigongi wala haitoi moshi. Nimependekezewa njia tatu: kununua pampu mpya ya oili, kuishusha injini na kubadilisha beringi zote, au kuweka oili nzito zaidi na kuendelea na safari. Ninataka kuagiza vipuri wiki hii, kwa hiyo naomba mnisaidie kuchagua.

Spana_Kumi:
Mkuu, "chini" ni kiasi gani? Tupe kipimo injini ikiwa baridi, ikiwa moto kwenye silensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), na ikiwa moto mwendoni. Taja pia oili uliyoweka, mwaka wa gari, na kama geji ni ya bomba (oili yenyewe hufika kwenye geji) au ya umeme. Kitabu cha kiwanda kinataka psi (pauni kwa inchi ya mraba) 50 hadi 80 mwendoni na 10 hadi 25 kwenye silensa, kwa hiyo aliyezoea kuona 60 barabarani anaweza kushtuka akiona 15 anaposimama, ilhali hiyo 15 ni halali kabisa.

Mama_Karakana:
Kabla ya vipimo, tujue kwanza kama geji yenyewe inasema kweli. Ya umeme hudanganywa na sensa au waya mbovu, na ya bomba nayo huchoka kwa umri. Funga geji ya majaribio moja kwa moja kwenye bloku, kisha ulinganishe.

Mzee_wa_Beringi:
Pampu husukuma oili tu. Presha inatokana na oili hiyo kubanwa katika nafasi nyembamba iliyo kati ya beringi na krenki (mhimili mkuu wa injini). Nafasi ikipanuka, oili hupita bila kizuizi, na mshale hushuka zaidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi. Ndiyo maana mimi huanza na beringi. Isitoshe, pampu ya MGB imo ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini), na ukishafungua sampu, vifuniko vya konrodi, vinavyoshikilia beringi, viko mbele ya macho yako. Itakuwa ajabu kufunga pampu mpya bila kufungua hata kimoja. Kwa sasa pasua filta ya zamani na uikunjue karatasi yake kwenye mwanga. Chembe za kijivu zinazong'aa ni beringi inayolika, na ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu limekwisha.

Gia_Nne:
Mimi nitasimulia habari ya pampu. Gari langu lilikuwa linasoma psi 20 mwendoni, iwe baridi au moto, na karakana niliyolipeleka iliamua kuwa ni pampu bila kupima chochote. Waliifunga mpya ikiwa kavu, bila kuijaza oili, wakawasha injini na kuiacha ingurume huku mshale uko sifuri, wakidai oili itapanda yenyewe. Ilipanda kweli, mpaka 20 ile ile, na safari hii injini ikaanza kugonga. Fundi mwingine alifungua nati ya vali ya presha (inayorudisha oili ya ziada kwenye sampu), iliyo nyuma ya bloku upande wa kushoto, akavuta springi na kikombe chake. Chini ya kikombe kulikuwa na kipande cha silikoni ya gasketi kilichokauka, kirefu kama kipande cha ukucha. Hicho ndicho kilichoizuia vali isifunge, na oili ikawa inarudi kwenye sampu kabla ya kufika kwenye beringi. Presha ilipanda hadi 55 siku hiyo hiyo, lakini beringi zilizokwaruzwa na pampu kavu ilibidi zibadilishwe zote.

Bonde_Kuu:
Samahani kwa kuchelewa. Gari ni la mwaka 1972, geji ya bomba. Baridi ni 60, moto mwendoni ni 40, na kwenye silensa ni 8. Oili ni 10W-40.

Spana_Kumi:
Basi vali si mshukiwa wa kwanza, maana ingekwama wazi usingeona 60 hata asubuhi. Badilisha oili kwanza. Injini hii hutumia 20W-50.

Mzee_wa_Beringi:
Huko ni kuficha uchakavu nyuma ya oili nzito.

Spana_Kumi:
Si nzito, Mzee, ndiyo oili yake. Wa kulaumiwa ni aliyeweka 10W-40. Na ahakikishe ina zinki ya kutosha kuikinga kemshafti (mhimili unaofungua vali za injini) isilike.

Mzee_wa_Beringi:
Zinki haipandishi presha hata kidogo.

Mama_Karakana:
Tusiache gari tukagombania zinki. Bonde_Kuu, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kabureta za SU zikimwaga petroli kupita kiasi, petroli hushuka hadi kwenye sampu na kuilegeza oili.

Bonde_Kuu:
Kweli kinanukia petroli kidogo, na choki yangu (inayoongeza petroli injini ikiwa baridi) hairudi mpaka mwisho. Je, hiyo inamaanisha beringi ni nzima?

Mzee_wa_Beringi:
Hapana. Inamaanisha una matatizo mawili.

Mama_Karakana:
Au moja. Rekebisha choki, weka oili mpya na filta mpya, kisha upime kwa geji ya majaribio.

Mzee_wa_Beringi:
Na beringi usiziagize kabla ya kupima krenki, kwa sababu huenda ilishachongwa, na saizi za beringi huongezeka kwa sehemu kumi za elfu moja ya inchi kila hatua: 0.010, 0.020, na kuendelea.

Bonde_Kuu:
Nimeagiza geji na oili. Pampu bado sijaiondoa kwenye oda.