Naomba ushauri: bustani ya shule huku Chamwino

Habari zenu wakuu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Chamwino, nataka nianzishe bustani na watoto wa darasa la 4 na la 5 wajifunze kupanda, kutunza na hata kuuza mboga wakajua hela inatafutwaje. Shida ni maji, mvua zetu ni kuanzia Desemba mpaka Aprili basi, baada ya hapo ukame na mbuzi wanakula kila kitu. Nimewaza mchicha kwenye viroba, tumwagilie na maji ya kunawia mikono yasiyo na sabuni. Mlenda utaota wenyewe masika, huo sina wasiwasi nao. Aliyewahi kufanya naomba anisaidie, likizo ya Juni nani anamwagilia?? Na wazazi wanaosema mtoto analimishwa unawaelewesha vipi?