Kuonja tembo la mnazi Pemba: twende saa ngapi?

Jamani, nina wageni wanataka kuonja tembo kwa mgema, upande wa Wete. Asubuhi au jioni? Na chupa moja itafika Unguja?

— Asubuhi, mgema akishuka tu na kitoma chake, kibuyu cha kukingia utomvu. Utomvu huanza kuchachuka ungali juu mnazini, basi hata hilo la asubuhi si maji matupu ya matunda. Kitoma kilichooshwa hutoa tembo tamu. Chenye mashapo ya jana hulifanya kali upesi. Mkitaka kali, ngojeni alasiri, kilevi hufika kama asilimia 4, sawa na bia. Kesho yake ni siki, tilieni achari.

— Chupa ya kioo usiikaze kifuniko, itapasuka! Chukua dumu, jaza robo tatu, kifuniko kilegee. Barafu hulichelewesha tu.

— Chujeni kwa kitambaa, nyuki na sisimizi huzama humo. Kisha tazama povu: tembo zima ni jeupe kama tui, povu lake dogo hung'ang'ania ukingo wa kikombe. Likizimika mara moja na tembo ni jembamba, basi mgema mmeshamsifu.