Tupeane uzoefu: umesoma kitabu gani karibuni kwa raha yako tu?

MsomajiMichenzani:
Asalaam alaykum jamani. Wapenzi wa vitabu hapa visiwani tupo wengi, lakini tukikutana tunazungumza mpira, bei ya mchele na safari za boti. Vitabu hatuvitaji, na mie jambo hili linaniuma. Basi leo tuvizungumze.

Nataka maoni. Muhtasari kila mtu ataupata akifungua kitabu. Nambieni kimekugusa wapi, kimekuudhi wapi, na ungempa nani akisome. Kitabu cha mtihani hakimo, ila kama umekirudia kwa hiari yako baada ya skuli.

Naanza mie. Nimerudia Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976. Rehema anazaliwa na rangi nyeusi katika nyumba ya watu wanaojiona weupe, na Fuad, baba yake mzazi, anamwonea haya. Hili ni jambo linalosemwa kwa minong'ono katika nyumba zetu hadi leo, hasa posa zinapoletwa, na mwandishi kalisema kwa sauti. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu chochote kingine kitabuni.

Kinachoniudhi ni kwamba Sulubu, mumewe, akishaingia, Rehema anafifia. Sulubu ni mtu wa jembe, mkweli, nampenda, lakini mie nilikuwa namfuata msichana. Nilitaka kusikia anawaza nini anapoamka asubuhi katika shamba ambalo hatimaye analiita lake. Ningempa kitabu hiki mama yeyote anayewapima watoto wake kwa rangi. Nani anafuata?

MwalimuWete:
Waalaykum salaam, mwanangu. Umegusa kitabu changu, na sikubaliani nawe hata kidogo kuhusu Rehema. Hafifii. Amepumzika. Msichana aliyefukuzwa, akatangatanga, akatumiwa na watu, anapopata mume anayemthamini na ardhi ya kulima, kunyamaza kwake ndiyo furaha yake. Mwandishi kamwacha apumue.

Mie kitabu hiki nilikisoma kwa sauti msimu wa karafuu uliopita. Mnaoijua Pemba mnajua usiku wa kuchambua: karafuu zimemwagwa jamvini, watu wamezunguka, vidole vinatenganisha makonyo, vile vijiti vyake, na kazi haina haraka. Zamani zilikuwa hadithi za paka wa Giningi na nyimbo. Siku hizi kila mtu ana simu, mkono mmoja karafuu na mkono mmoja kioo. Nikasema nisogezeeni taa, nikaanza kusoma. Usiku wa kwanza walinivumilia kwa sababu mimi ni mkubwa wao. Usiku wa pili waliniuliza wenyewe Rehema kafika wapi.

Tulipofika pale Fuad anapompa binti yake shamba kwa mdomo, bila karatasi, jamvi zima lilinyamaza, kisha wote wakasema kwa pamoja. Kwetu sisi hiyo siyo hadithi. Hapa mtu anaweza kumiliki mikarafuu na ardhi ikawa ya mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakaja watu wa eka tatu, waliogawiwa ardhi na serikali, na eka tatu hizo zimerithiwa na wajukuu wasiojuana. Ndugu yangu mmoja alipewa miti na marehemu baba yetu mdogo, kwa kauli, mbele ya watu wazima. Mzee alipofariki, hao watu wazima wengine walikuwa wameshatangulia, wengine wakasahau. Kesi ilichukua miaka.

Kwa hiyo pale jamvini swali halikuwa kama kitabu ni kizuri. Swali lilikuwa: Rehema na Sulubu walikosea wapi? Mmoja alisema wangedai hati mapema. Mwingine, msomi wa dini, akasema hiba, yaani zawadi ya mali, hutimia kwa kukabidhi, na wale walikuwa wameshakabidhiwa, wapo shambani wanalima, haki yao ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasikiliza. Mimi nilikuwa upande wa huyu wa pili, na ndiyo maana mwisho wa Sulubu, ambao sitausema hapa, naona ni wa haki kwa hadithi ingawa unaumiza.

Kitabu chenyewe sasa kina madoa ya mafuta ya karafuu kuanzia katikati hadi mwisho. Akitakaye namwazima hivyo hivyo.

MsomajiMichenzani:
Maalim, hilo la kupumzika sikulifikiria. Nitasoma tena zile kurasa kwa jicho hilo. Lakini bado nataka sauti yake.

BintiMfenesini:
Mie nimerudi kwa Said Ahmed Mohamed, Utengano ya 1980. Skuli tulifundishwa dhamira na wahusika mpaka kikatoka utamu wote. Sasa nina mabinti wawili nyumbani na nimekisoma nikiwa na hasira mpya.

Bwana Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani. Hasomi, hatoki, haujui mji anaoishi. Kisha anapotoka, ulimwengu unammeza, na watu wanasema, ehe, mwaona, ndiyo matokeo ya kutoroka. Hapana. Ni matokeo ya kufungiwa. Mtoto hakupewa hata nafasi ya kujifunza kumtambua mtu mbaya kwa sura na maneno yake, angemjuaje? Nafikiri mwandishi analisema hili wazi kabisa, lakini tulivyofundishwa tuliambiwa Maimuna ni funzo kwa wasichana. Yule wa kujifunza mle ni baba.

Mtu ninayempenda ni Biti Kocho. Kikongwe mkunga, maskini, hana cheo, lakini ana kumbukumbu ya kila alichotendewa na kila alichoona. Vikongwe wa namna hiyo ninawajua. Wanajua siri za mtaa mzima na wanachagua siku ya kuzisema.

Ningewapa kitabu hiki akina baba. Mume wangu kafika nusu. Jana kaniuliza kwa nini binti yetu mkubwa hajaandikishwa yale masomo ya kompyuta aliyoyaomba. Sikumjibu, nilimletea fomu.

KijanaBububu:
Hongera kwa fomu, dada!

Mimi ni Peponi. Wengi mnajua kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Nilijitahidi kuisoma riwaya yake hii kwa Kiingereza, ile iliyotoka 1994, nikaiacha. Kisha nikaipata kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na hii nimeimaliza.

Yusuf ana miaka kumi na miwili, anaondolewa kwao na tajiri anayemdhani ndugu wa familia, kumbe baba yake amemtoa rehani kwa ajili ya madeni. Sehemu za dukani, Yusuf na Khalil, kijana wa dukani, wakilala barazani, wakichokozana na wateja, nilizisoma nikizisikia. Maneno yao ni ya barazani kwetu, hasa yale ya utani unaouma. Nadhani kwa Kiswahili watu wale wamerudi nyumbani.

Safari ya bara ni ndefu. Nasema kweli, kuna mahali niliona tunatembea tu, mizigo, maradhi, hongo kwa machifu, tena mizigo. Lakini nilipomaliza ndizo kurasa zinazonirudia. Msafara ule ulikuwa biashara iliyokuwa inakufa na wenyewe hawajui, Wajerumani wameshaingia.

Mwisho sikuukubali. Nimekasirika na Yusuf hadi leo.

MtuWaKonde:
Kijana, ungekuwa wewe ungekwenda wapi? Fikiria milango aliyokuwa nayo. Kwa tajiri yeye ni mali. Kwao hawamtaki, au hawapo. Mwandishi hakumwonea, alimwonyesha kila mlango ulivyofungwa kwanza. Mimi nilikaa na ukurasa ule wa mwisho muda mrefu na nikamwelewa, ingawa sikumfurahia.

KijanaBububu:
Angebaki na Khalil. Huo ndio mlango mmoja ulioachwa wazi.

MtuWaKonde:
Khalil mwenyewe yu rehani! Tutaligombania hili tukikutana, si hapa.

AbiriaWaMkoani:
Nasafiri mara kwa mara kati ya Mkoani na mjini, kwa hiyo vitabu vyangu ni vya kwenye boti. Karibuni nimemrudia mpelelezi Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Kitabu hiki kilishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957/58, kikachapwa 1960, na bado abiria wa kando yako atakuuliza unasoma nini.

Utamu wake ni lugha. Watu wanazungumza kwa adabu hata wanaposhukiana kwa mauaji. Maiti imekutwa mzimuni, kila mtu anataka kusema ni mambo ya mizimu, na Bwana Msa anakaa na kiko chake anauliza nani alikuwa wapi. Kwa enzi ile, na hata kwa enzi yetu, hilo ni jambo kubwa: kukataa kumsingizia jini jambo alilofanya binadamu.

Lawama yangu ni moja. Bwana Msa anaficha anachokijua. Nami msomaji nataka kushindana naye, nioneshwe kila kitu alichokiona, halafu nikishindwa nikubali. Yeye anakuja mwisho kukueleza, na wewe unabaki kama Najum, rafiki yake, unashangaa tu. Kwenye mkondo wa Nungwi, chombo kikicheza, nilikuwa nimeshamkamata mtu wangu, na siye.

Ningewapa vijana wanaopenda tamthilia za upelelezi za televisheni. Wataona mwendo ni wa polepole, lakini wavumilie sura za mwanzo.

BiMkunazini:
Mie sina mengi. Niliiona filamu ya Vuta N'kuvute aliyoiongoza Amil Shivji, ya 2021, nikatamani kitabu cha Adam Shafi nilichokisoma zamani, nikakitafuta mpaka nikakipata kwa jirani.

Filamu ni nzuri kwa macho. Mji wetu ule, vichochoro, taa, nyuso. Nilitazama huku machozi yakinilengalenga. Lakini ilikwenda zaidi na mapenzi ya Yasmin na Denge. Kitabuni mie ninamfuata Mwajuma. Yasmin anatoroka kwa Bwana Raza, mume wa umri wa baba yake, jamaa zake wanamkataa, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, mwanamke asiye na kitu, mpenda taarab, mwenye maneno ya watu. Anampa kitanda, chakula, na mji mzima. Wakati huo wakoloni wamewapanga watu kwa kabila na mitaa, huku mawe, kule udongo, na hawa wawili wanakula sinia moja. Denge anapigania uhuru kwa vikaratasi vya siri. Mwajuma ameshaanza kuuishi, chumbani kwake.

Nina shoga yangu wa namna hiyo, marehemu sasa. Kitabu nimekisoma kwa ajili yake.

MwalimuWete:
Allah amrehemu. Bi mkubwa, ukitoka hapo chukua Kuli ya mwandishi huyo huyo, mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa 1948. Haina upole wa Vuta N'kuvute, lakini utawaona wanaume wa mji ule ule wakiwa kazini.

ShairiChake:
Nyote riwaya! Mimi ninasoma Kale ya Washairi wa Pemba, malumbano na tungo za Kamange na Sarahani. Ninasoma ubeti mmoja, nakwenda kwa mzee wetu mmoja hapa Chake, ananifafanulia, narudi. Baadhi ya beti anazijua kwa moyo na ananirekebisha ninavyozikokota. Haifai kusomwa kwa haraka wala peke yako. Nimeweka pembeni Kimbunga cha Haji Gora Haji wa Tumbatu kiwe kinachofuata.

MpenziWaKurasa:
Naruhusiwa kutaja nilichokiacha njiani? Babu Alipofufuka. Nampenda sana Said Ahmed Mohamed, lakini pale babu aliyekufa anapomjia yule K na kumzungusha, nilipotea.

BintiMfenesini:
Usikiache. Usitafute njia, mfuate babu tu. K ni mkubwa serikalini aliyesahau alikotoka, na kila anachooneshwa ni nchi aliyoiharibu mwenyewe. Ukishalishika hilo, mengine yanafunguka. Mie niliisoma usiku na nikawasha taa ya ukumbini.

MpenziWaKurasa:
Haya, naanza tena Ijumaa hii.

MsomajiMichenzani:
Jamani, nimefurahi mno. Kilichonishangaza ni kwamba karibu sote tunasoma nakala za kuazimana. Mnaokaa mjini, Maktaba Kuu ya Maisara baadhi ya hivi vipo, ulizeni. Mie ninayo Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman iliyotangulia Nyota ya Rehema, ya 1972. Jalada limetoka lakini kurasa zote zimo. Ni kisa cha Bahati na Idi na tajiri Mwinyi, cha pesa na tamaa, na nakuahidini Bahati ana sauti niliyoikosa kwa Rehema. Nani anaitaka?

ShairiChake:
Mimi, kama itafika Chake.

AbiriaWaMkoani:
Navuka Jumamosi. Nipe mkononi bandarini Malindi kabla ya boti, nitaisoma njiani na kumfikishia jioni.

MwalimuWete:
ShairiChake, ukimaliza usiirudishe mjini. Ilete Wete, karafuu zinakaribia.