Udongo mwekundu wa silti kwenye malisho makavu: niuainishe kwa mfumo wa Marekani au WRB?

Mchimbashimo
Wakuu, heshima kwenu. Kuna shimo limeninyima usingizi wiki nzima. Liko kwenye malisho ya nusu-ukame, mteremko mdogo sana, nyasi zimeota mafungumafungu na katikati yake ardhi tupu. Nimechimba hadi sm 120 na haya ndiyo niliyoyaona:

Sm 0–12: juu kabisa kuna ukoko wa kama milimita 5, unabanduka kama magamba. Rangi (kwa kitabu cha Munsell, namba ya YR ikipungua wekundu unazidi) 5YR 5/4 ukiwa mkavu, 5YR 4/4 ukilowa. Maabara: mfinyanzi 18%, silti (chembe za kati ya mfinyanzi na mchanga) 62%, mchanga 20%.
Sm 12–50: wekundu unakolea, 5YR 4/6 ukilowa, mabonge ya pembe butu. Mfinyanzi 24%, silti 58%, mchanga 18%. Asidi haichemki kabisa, yaani hakuna chokaa.
Sm 50–100: 7.5YR 6/4, nyuzi na vidonge vyeupe, asidi inachemka kwa fujo. Chokaa 17%.
Chini ya hapo: chokaa 9%, hakuna mabonge, ni mashapo tu.

Ripoti inataka jina. Nifuate mfumo upi, wa Marekani au WRB, ule wa kimataifa? Kwangu mimi wekundu ndio alama ya udongo huu, kwa hiyo nataka mfumo unaoupa wekundu uzito.

Tabaka_B
Mkuu, maelezo yako yamenyooka, ila nianze na habari mbaya: wekundu hautakufikisha popote kwenye mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Rangi hiyo ni hematiti, madini mekundu ya chuma, na hematiti kidogo tu, hata asilimia moja au mbili, inatosha kupaka shimo zima. Wakati mwingine udongo umeirithi tu kutoka kwenye mwamba mwekundu uliomomonyoka, haijatengenezwa hapo ulipo.

Angalia WRB. Kiambishi cha Kromiki kinataka tabaka la unene wa sm 30 au zaidi, lililo kati ya sm 25 na 150, rangi iwe nyekundu kuliko 7.5YR na kroma (ukolezi wa rangi, namba ya mwisho) izidi 4. Tabaka lako jekundu linaishia sm 50. Ukihesabu kuanzia 25 unabaki na sm 25 tu. Limekosa kwa sm 5. Rodiki ndiyo usiitaje, hiyo inaanzia kwenye wekundu unaozidi 5YR, na wewe uko 5YR yenyewe. Mfumo wa Marekani nao unataka wekundu wa damu ya mzee kabla haujaandika chochote.

Kinachoamua jina ni vitu viwili: chokaa na kuongezeka kwa mfinyanzi. Chokaa umeshapita, 17% imevuka 15%, na imezidi tabaka la chini yake kwa zaidi ya 5%. Kwenye mfinyanzi ndipo mifumo inapoachana. Wamarekani, juu kukiwa na mfinyanzi kati ya 15 na 40%, wanataka chini uwe mara 1.2. Kwako ni 21.6, una 24, umepita. WRB wanataka mara 1.4, yaani 25.2. Hujafika. Kwa hiyo Marekani una tabaka la mfinyanzi ulioshuka, WRB huna, na jina lako la WRB ni Kalsisoli, udongo wa chokaa. Mimi ningeenda WRB, jina fupi na linasema ukweli kuhusu chokaa.

Lenzi_Kumi
Tabaka_B, hesabu zako ni sahihi ila umeruka nusu ya sharti. WRB wanakubali moja kati ya mawili: ama huo uwiano wa 1.4, *ama* ushahidi wa macho kwamba mfinyanzi umeshuka, kwa mfano utando wake kwenye nyuso za mabonge. Wamarekani ndio wanaodai vyote viwili, ongezeko na ushahidi.

Kwa hiyo swali lote liko kwenye bonge moja la sm 30. Mchimbashimo, livunje kwa mkono, usilikate kwa kisu. Kisu kinapaka matope na kutengeneza mng'ao wa uongo. Weka lenzi ya mara kumi na uligeuze kwenye jua. Utando halisi unang'aa kama nta, mara nyingi una rangi iliyokolea kuliko ndani ya bonge, na ukingo wake unaonekana, hasa ndani ya vitundu vya mizizi. Kama hauoni kitu, ni Kalsisoli kama alivyosema mwenzangu. Kama upo, Kalsisoli inakukataa, kwa sababu haitaki tabaka la aina hiyo juu ya chokaa isipokuwa nalo limejaa chokaa, na la kwako halichemki. Hapo unashuka hadi Luvisoli, udongo ambao mfinyanzi wake umeshuka, yenye kiambishi cha Kalsiki. (Uwezo wa mfinyanzi kushika virutubisho ukiwa chini ya 24 cmol kwa kilo, ni Liksisoli. Pima.)

Siltiki, kiambishi cha silti, utaipata kwa vyovyote, sm 30 za tifutifu ya silti unazo na zinabaki.

Mama_Kichuguu
Habari zenu. Kabla hamjapigana kuhusu 1.2 na 1.4, nani amehakikisha hiyo silti ni silti?

Udongo mwekundu wenye chokaa unadanganya maabara. Hematiti na chokaa vinagandisha chembe za mfinyanzi hadi zinakuwa na ukubwa wa silti, na haidromita, kifaa cha maabara cha kupimia chembe majini, haijui tofauti. Niliwahi kuletewa majibu ya silti nyingi kama haya. Nikachukua donge, nikalilowesha, nikalikanda. Mwanzoni lilikuwa kama poda iliyolowa, utepe ukiusukuma kati ya vidole unakatika kabla ya sm 2. Nikaendelea kukanda kama dakika kumi hivi, mkono ukaanza kunata, utepe ukavuka sm 4. Silti haifanyi hivyo hata uikande mpaka kesho. Kumbe sampuli ilitikiswa kwa muda mfupi mno. Ikarudiwa kwa kutikiswa usiku kucha na heksametafosfati ya sodiamu, dawa ya kutenganisha chembe, na hesabu ya mfinyanzi ikapanda.

Na uliza pia mpaka wa silti waliotumia. Marekani mchanga unaanzia milimita 0.05, WRB 0.063. Majibu yaliyopimwa kwa 0.05 hayaingii WRB hivihivi, silti inakuwa imepunjwa.

Mfugaji_Kimya
Mimi si mtaalamu, nina ng'ombe tu. Hayo majina yananiambia nini kuhusu maji kutozama? Mvua ikinyesha kwenye udongo kama huo yanakimbia yote.

Tabaka_B
@Lenzi_Kumi nimekubali, nilisahau hilo "ama". Asante.

@Mfugaji_Kimya ndugu, jina halitakuambia karibu lolote. Linazungumzia chokaa iliyo sm 50 chini, lakini ugomvi wako na maji uko kwenye milimita 5 za juu. Chukua vipande vikavu vya ukoko vya ukubwa wa punje ya mahindi, vitumbukize kwenye kisahani cha maji, hesabu. Vikisambaratika kabla ya dakika moja, mboji haitoshi kuvishika, na kila tone la mvua linaziba vitundu. Cha kusikitisha ni kwamba ndani, udongo wa silti ni ghala zuri, unaweza kuhifadhi milimita 150 hadi 200 za maji kwa kila mita. Mlango ndio umefungwa.

Lenzi_Kumi
Ndiyo maana kwenye ripoti za malisho naandika maelezo ya ukoko kwanza, jina baadaye: unene, unabandukaje, kama una kuvu na mwani juu (huo ni mwingine kabisa, usiuchanganye na wa matone ya mvua), na ardhi tupu ni sehemu gani ya eneo.

Kwa upande wa Marekani kuna jambo moja zaidi. Swali lao la mwanzo hapa ni hali ya unyevu. Udongo ukiwa mkavu zaidi ya nusu ya siku ambazo joto lake kwenye sm 50 linazidi nyuzi 5, na usipate siku 90 mfululizo za unyevu joto likizidi nyuzi 8, ni Aridisoli (kundi la udongo wa ukame), na wewe ungekuwa Kalsiargidi. Ukizipata hizo 90, ni Alfisoli, Haplustalfi. Shimo lilelile. Kama huna takwimu za miaka mingi, unabahatisha, ndiyo maana mimi naegemea WRB, haiulizi mvua.

Mchimbashimo
Nimerudi shimoni leo asubuhi. Nimevunja mabonge kumi na mawili ya kati ya sm 25 na 45. Tisa yana utando unaong'aa, zaidi ndani ya vitundu vya mizizi lakini na kwenye nyuso pia, zilizosimama na zilizolala. Vipande vya ukoko vilimalizika kwenye maji kabla sijafika hesabu ya ishirini.

Mama_Kichuguu, nimekanda. Dakika kumi na tano. Utepe ulianza sm 2 na ukaishia 2 na kidogo, hauna kunata. Hata hivyo nimeomba sampuli zirudiwe, na mpaka wa 0.063. Kwa sasa lebo inasema Luvisoli ya Kalsiki, Siltiki, kwa penseli, mpaka majibu ya hiyo 24 yarudi. Wekundu nimeuandika kwenye safu ya rangi tu.