Naomba ushauri: niendelee na leseni ya rubani binafsi au nihamie ya spoti?

Wakuu, salaam. Niko Houston, nafanya kazi ghalani, umri miaka 47. Najifunza urubani kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, na nimefikisha masaa 18. Sijaruka peke yangu bado, kwa sababu njia ya rubani binafsi inadai kwanza cheti cha afya cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Natumia vidonge vya presha, na juzi daktari wangu kaanza kuniuliza habari za kukoroma na kukatika pumzi usingizini.

Sasa kuna kanuni mpya, MOSAIC. Tangu 22 Oktoba 2025 rubani wa spoti, ngazi iliyo chini ya rubani binafsi, anaruhusiwa kurusha hata hiyo 172, na leseni ya udereva inatosha upande wa afya. Fomu ya FAA ya kuomba cheti cha afya nimeshaijaza mtandaoni, namba yake ninayo kwenye simu, na miadi na daktari wa anga ni Alhamisi. Niende? Ndoto yangu ni kumpitisha mama juu ya milima ya Usambara.

Bawa_la_Kushoto: Kaka, usimpe mtu hiyo namba! Daktari wa anga akishaifungua fomu kwa namba hiyo, ombi limeingia FAA na halirudi nyuma. Wakikunyima cheti, leseni ya udereva nayo haitakufaa tena kwa spoti. Asiyewahi kuomba ana mlango wazi, aliyeomba akakataliwa kafungiwa. Ahirisha, umwone huyo daktari kwa mashauriano tu, bila fomu.

Shangazi Marubani: Naunga mkono kuahirisha, ila mwanangu usikate tamaa na cheti. Presha iliyotulia kwa dawa haimzuii mtu. Hata tatizo la pumzi, ukipimwa na kulala na mashine ya kusukuma hewa kila usiku, FAA hutoa cheti maalumu. Inachukua muda na karatasi nyingi. Tatizo ni kwenda hujapimwa, faili likapelekwa juu, wakakuandikia barua ya kutaka vipimo nawe usijibu. Hapo ndipo kunyimwa kunakotokea.

Bawa_la_Kushoto: Na ujue mipaka ya spoti. Ndege inaweza kuwa na viti vinne, lakini abiria ni mmoja tu. Hairuhusiwi kulipwa. Usiku unahitaji mafunzo ya ziada, na hapo leseni ya udereva peke yake haitoshi upande wa afya. Kima cha chini ni masaa 20, rubani binafsi 40.

Mtu wa Lushoto: Kuhusu mama: leseni ya spoti iko chini ya kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, nje ya Marekani lazima nchi husika ikuruhusu kwanza. Ukitaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya kwetu Tanzania ikutambue, ni rubani binafsi na cheti cha afya kamili. Kwa hiyo anza na spoti, jitibu, kisha panda hadi rubani binafsi. Masaa uliyofundishwa na mwalimu mwenye cheti kamili hayapotei.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni sana, nimeelewa. Nimepiga simu asubuhi hii, Alhamisi imefutwa. Kipimo cha usingizi ni tarehe 9. Mwalimu kasema sasa tunahamia mafunzo ya spoti. Jana nilichovya kijiti kwenye tangi la bawa kupima mafuta, mikono ikatetemeka, maana kasema nikitua vizuri mara tatu zaidi anashuka, naruka peke yangu.

Shangazi Marubani: Mashine ya usiku wakikupa, ivae kila siku. Ina kumbukumbu, na FAA wataiomba.